Kambi ya Fundi Asiyelala

Fundi alilala mbele yangu kwa mara ya kwanza Jumamosi moja saa tisa alasiri, dadu ikiwa bado mkononi mwake. Nilidhani mchezo umemchosha. Niliponyoosha mkono nimguse bega, sista wa zahanati alinishika na kunizuia.

"Mwache," alisema kwa sauti ndogo. "Huyu mtu hajalala, sasa ni wiki ya pili. Nikimpa vidonge anatapika."

Tulikaa, watu wazima watatu, tukimtazama wa nne akipumua. Nje jua lilikuwa kali hata uwanja wa shule ukaonekana mweupe. Hakuna mbuzi aliyelia. Baada ya dakika kumi na mbili kwa saa yangu, alifungua macho, akatupa dadu mezani kama mtu aliyekuwa macho muda wote, akauliza, "Ni ngapi?"

Ilikuwa kumi na saba. Nakumbuka kwa sababu niliandika. Miaka ile niliandika kila kitu.

Nieleze tulikuwa akina nani na tulikuwa tukicheza nini, maana hata wakati huo watu wa soko la Kathonzweni hawakutuelewa, na wako waliodhani tunafanya mambo ya kamari. Ilikuwa miaka ya themanini, katika mwaka ambao mvua ilikosa mara mbili na shule ikapika mahindi ya njano ya msaada. Nilikuwa mwalimu wa jiografia. Mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka ng'ambo alikuwa ameondoka baada ya miaka miwili, akaniachia sanduku lenye vitabu viwili vya kanuni, mfuko wa dadu za pande nyingi, na barua ya kuniomba nisizitumie karatasi zake kuwashia moto. Nilivisoma vile vitabu kama ninavyosoma mtaala.

Ulikuwa mchezo wa safari. Kila mchezaji ana msafiri wake, mwenye silaha zake na alama zake za nguvu. Mmoja hana msafiri. Huyo ni msimulizi, anayewaambia wenzake wanaona nini mbele yao, na nini kimewatokea. Wakipigana, dadu ndiyo inayoamua. Mimi ndiye niliyekuwa msimulizi, kwa kuwa ndiye niliyesoma vitabu.

Wachezaji walikuwa watatu. Sista, muuguzi pekee wa zahanati yetu, alikuwa mwanamke wa sauti kavu aliyezoea kuamrisha watu wavue shati. Mwalimu wa hesabu alikuwa kijana kutoka Kyuso, na alipenda kushinda. Fundi alikuwa seremala na mzee wa kanisa, mtu wa miaka hamsini hivi, mpole, mwenye mikono mipana. Ndiye aliyetutengenezea meza: trei kubwa ya mbao iliyojazwa mchanga wa mtoni, ambayo siku za wiki niliitumia kufundishia mabonde na mito, na Jumamosi ikawa nchi ya mchezo. Wasafiri aliwachonga kwa vipande vya mti wa mukau, kila mmoja mrefu kama kidole gumba.

Kitabu kilimtaka mmoja awe mchawi. Fundi alikataa katakata. "Mimi ni mzee wa kanisa, mwalimu. Nitakaaje meza moja na mchawi, hata kama ni wa kijiti?" Tukamfanya mchawi kuwa msomi, na uchawi wake ukawa maneno mazito, matatu kwa siku. Mwalimu wa hesabu alichukua usomi huo kwa furaha.

Shida ilianzia hapo. Kwa mujibu wa kanuni, msomi akishayatumia maneno yake hayarudi mpaka alale, na aliyejeruhiwa haponi mpaka alale. Mwandishi wa kitabu alitegemea wasafiri wapigane mara tatu au nne kwa siku, wakichoka polepole, wakichagua lini watumie nguvu na lini waiweke. Wangu hawakuchagua kitu. Mwalimu wa hesabu aliyamaliza maneno yote matatu katika pambano la kwanza, adui wakaanguka kama mahindi makavu, kisha akaegemea kiti na kusema, "Tulale."

"Ni saa nne ya asubuhi huko mchezoni," nilimwambia.

"Kitabu kimekataza kulala saa nne?"

Hakikukataza. Kilishauri tu kwamba kambi ishambuliwe mara kwa mara, ili wasafiri waogope kulala ovyo. Hapo nikakutana na desturi ambayo mwandishi wa kitabu hakuifikiria. Kabla wasafiri hawajalala, fundi alivua kofia, akafumba macho na kuwaombea, kwa sauti ileile aliyotumia kanisani, vijiti vya mukau vilivyolazwa mchangani. Aliomba Mungu awafunike mpaka kupambazuke. Sista na mwalimu wa hesabu waliitikia amina, na mimi pia. Watu wameshaomba, umeitikia amina kwa kinywa chako, halafu uwatume maadui? Sikuweza. Ikawa kwetu ni kanuni ambayo haikuandikwa popote, kwamba baada ya amina hakuna kinachokuja. Kwa hiyo walipigana mara moja, wakaomba, wakalala, wakaamka wazima kabisa. Hapakuwa na hatari tena. Wasimulizi wengine duniani nadhani walipatwa na tatizo hilohilo, lakini sidhani kwao lilitokana na sala.

Sasa niseme kwa nini fundi hakuwa analala.

Wiki tatu kabla, mtu asiyejulikana alikutwa amefariki kando ya barabara, karibu na mahali punda wanapofungwa siku ya soko. Hakuwa na kitambulisho. Siku tatu hakuna aliyekuja kumtambua, chifu akaamuru azikwe, na fundi akaombwa sanduku. Mbao zilikuwa adimu mwaka ule. Alilitengeneza kwa mbao alizokuwa nazo, na lilipoletwa likaonekana fupi. Mtu yule alikuwa mrefu. Walimkunja miguu.

"Nilisema tu nitaongeza ubao," fundi aliniambia, na ni mara moja tu aliwahi kunisimulia. "Watu wakasema jua ni kali, tuzike. Na mimi nikanyamaza."

Tangu juma lililofuata, kila akifumba macho, alimsikia mtu akitembea kuzunguka nyumba yake, usiku na mchana bila tofauti. Hatua nzito, za polepole, za mtu anayenyoosha miguu. Akifumbua macho, zinakoma. Mkewe hakusikia chochote. Mchungaji alikuja na wazee wenzake wakaomba, na wakati wa maombi palitulia, lakini walipoondoka zikarudi. Fundi alikwenda kwa chifu kuomba ruhusa ya kufukua kaburi atengeneze sanduku jingine. Chifu akamjibu kwamba kaburi halifunguliwi bila karatasi ya mahakama, na mahakama haitoi karatasi kwa sababu ya ndoto.

Alikuwa amekonda na macho yake yamekuwa na ukungu. Bado alikuwa akifanya kazi ya msumeno kila siku, kwa kuwa alikuwa akiezeka jengo la kanisa na alikuwa ameahidi. Sista aliogopa lile paa. "Ataanguka," aliniambia. "Au atajikata. Mwili haulipwi kwa ahadi. Mahali pekee nimemwona akilala ni hapo kwenye mchanga wako."

Basi nikaanza kuchunguza. Katika daftari langu upande wa kushoto uliandikwa mchezo, na upande wa kulia usingizi wa fundi.

Jumamosi ya pili niliamua kumsaidia. Niliwaondolea maadui wote nikawapa kambi nzuri moja kwa moja, yenye maji na kivuli. Waliomba, wakalaza vijiti. Fundi alifumba macho, kope zikamtetemeka, akayafumbua. "Anatembea," alisema. Hakulala hata dakika moja. Jumamosi ya tatu, kwa kuwa mwalimu wa hesabu alinung'unika, niliwapa pambano kubwa mno. Msafiri wa sista karibu afe. Fundi alisimama mezani jasho likimtoka, na walipofika kambini alikuwa bado anahema. Hakulala. Jumamosi ya nne niliwapa mapambano mawili ya wastani, la pili likawachosha kweli lakini wakalishinda kwa akili zao wenyewe. Aliomba, akasema amina, na kabla sista hajalaza kijiti chake, kidevu cha fundi kilikuwa kifuani. Dakika arobaini na moja.

Nilichokuwa nikitafuta kwa ajili ya mchezo ndicho alichohitaji yeye. Vita visivyo vya kitoto wala vya kuua, na baada yake pumziko ambalo mtu ameligharamia kwa jasho lake na ana hakika nalo. Kikipungua kimoja, kinalala kijiti tu, mwenyewe anabaki macho.

Ingekuwa vizuri kama ningeishia hapo. Lakini siku hiyo ya nne kulitokea jambo. Katika daftari nilikuwa nimeandika kwamba viumbe wa mchanga ni wanne. Watatu wanatokea jiweni, mmoja anajificha kisimani. Wale watatu waliposhindwa, wasafiri waliona kazi imekwisha, wakapiga kambi palepale na kuomba. Kwa sababu ya amina, nikamwacha wa nne kisimani bila kumtaja. Hakuna aliyejua kwamba yuko. Daftari lilikuwa limefungwa mbele yangu.

Fundi akiwa usingizini alisema, kwa sauti ya kawaida, "Mmoja amebaki kisimani. Hajainuka."

Sista na mwalimu wa hesabu waliniangalia. Nilitabasamu kama mtu asiyejua lolote. Upepo ulipita dirishani, mchanga juu ya trei ukasogea kidogo, ukatulia. Nilikaa na jambo hilo wiki nzima. Mimi ni mtu wa kutaka kuhakikisha. Nikiambiwa mto umekauka, nakwenda kuuona. Nikajiuliza, je, aliliona daftari? Alibahatisha? Au kuna anayemwambia?

Jumamosi ya tano mwalimu wa hesabu alinipa kisingizio. "Mwalimu, tunalala kuliko wagonjwa wa sista," alisema. "Hii si safari, hii ni wodi."

"Wagonjwa wangu hupigwa sindano," sista alimjibu. "Geuka nikupige."

Walicheka. Walipigana vizuri siku hiyo, wakarudi kambini kando ya kile kisima wakiwa wamechoka, fundi akaomba, akalala. Nikasubiri pumzi yake iwe nzito. Kisha nikafungua daftari chini ya meza, na kwa penseli nikaandika maneno mawili ambayo sikuwa nimeyapanga kabla ya dakika ile: Sasa anainuka.

"Anakuja," fundi alisema, macho yakiwa yamefumbwa.

Hapo ningeweza kufuta. Nilikuwa nimeshapata nilichokitaka. Lakini nilikuwa nimeogopa, na nikatenda kama mwoga. Nilisema kwa sauti kubwa kwamba kiumbe wa nne ametoka kisimani na yumo kambini. Mwalimu wa hesabu akaruka kwa furaha, dadu zikamwagika. Fundi akaamka katikati ya kelele. Msafiri wake, kwa kuwa alikuwa amelala bila ngao, alipigwa wa kwanza, na dadu ilikuwa mbaya. Sista alipomaliza kumwondolea alama, zilibaki mbili.

Fundi hakutazama alama. Alinitazama mimi.

"Tulikuwa tumeomba, mwalimu," alisema.

Aliokota kofia yake akaenda zake kwa miguu, akikatiza uwanja ule mweupe. Jumamosi mbili hakuja. Sista alikuwa akileta habari: halali kabisa sasa, hata kidogo, anasema hakuna mahali palipobaki. Jumatatu iliyofuata msumeno ulimpitia kwenye vidole viwili vya mkono wa kushoto. Sista alimshona, kisha akaja darasani kwangu wakati wa mapumziko, akanivuta nje mbele ya wanafunzi.

"Leo ni vidole. Bado kuna paa. Wewe ndiwe ulivunja, wewe utatengeneza. Jumamosi namleta."

Alimleta kweli, mkono ukiwa umefungwa bendeji. Nilimwomba msamaha mbele ya wenzake. Alinijibu, "Haya, mwalimu," na akaketi, lakini hakuvua kofia. Niliwapa pambano nililoliandaa wiki nzima, nikalipima kwa alama zao zilizobaki ili wasife wala lisiwe la kitoto. Walishinda. Jua lilikuwa limeanza kuegemea. Nikasema wamefika mahali penye mchanga mkavu na mawe ya kukinga upepo, na wanaweza kulala.

"Waombee," sista alimwambia fundi.

"Ombeni nyinyi. Mimi nitakaa zamu."

"Una alama mbili," mwalimu wa hesabu alisema, na safari hii hakuwa na utani. "Anayekaa zamu haongezewi. Kesho ukiguswa tu, umekufa."

"Nitakaa."

Mwalimu wa hesabu alijitolea kukaa badala yake. Fundi akasema mtu mmoja hatoshi, kwa kuwa anayezunguka haji upande mmoja. Sista akasema basi wawe wawili. Fundi akatikisa kichwa. Nilipekua kitabu nikitafuta kanuni ya zamu, nikaona inawahesabu wasafiri peke yao katika nchi isiyo na watu, na zaidi ya hapo haina lolote.

"Ngoja kwanza," sista alisema. "Hii nchi haina wenyeji? Kule mlimani ulisema kuna moshi."

"Ni kijiji. Hakimo kwenye mpango wa leo."

"Kiweke. Hapa kwetu nani ana shida halafu anakaa nayo na wenzake wawili tu kichakani? Watu hawa waite mwethya."

Mwethya ni kundi la kazi. Majirani, wengi wao wanawake, huja na majembe kulima matuta kwa mmoja leo, kwa mwingine kesho, na daftari la mahudhurio lipo. Sista alikuwa mwanachama wa moja. Sikupata kanuni ya kumkataza. Alichukua konzi ya maharagwe kwenye mfuko wa chakula chake cha mchana, akayapanga moja moja mchangani kuizunguka kambi. "Hawa wanachimba," alisema. "Mchana kutwa. Huku mama wawili, huku mama na mkwe wake wanagombana. Huku mmoja anaimba vibaya. Sasa nani atapita hapa akizunguka?"

Fundi aliyahesabu yale maharagwe kwa kidole. "Hata mimi," alisema, "hapo ningelala."

Hakulala siku ile. Lakini sista alikuwa ameshaondoka na wazo lake. Alhamisi iliyofuata, shule ikiwa imefungwa, nilikwenda na jembe la kuazima mpaka kwa fundi, na nikakuta mwethya mzima mtelemkoni, watu thelathini na zaidi, wakipanga kamba za kupimia kuzunguka nyumba. Matuta alikuwa anayahitaji kweli, udongo wake ulikuwa unakwenda mtoni. Mwenyekiti alikuwa mama mnene wa makamo aliyevaa koti la mwanamume. Aliwagawia watu sehemu zao, mbele, kulia, kushoto. Nyuma, upande wa juu, palikuwa na mwamba, hakumpa mtu.

"Mwaitu, na mimi?" nilimwuliza, nikitumia neno la heshima la kwetu kwa mama.

"Mwalimu, wewe simama karibu na mimi nikuone. Usijikate mguu, sista ana kazi nyingi."

Fundi alilazwa kitandani, mlango ukaachwa wazi. Mkewe aliketi kizingitini akipepeta pojo. Majembe yalianza. Wimbo ukainuka upande wa mbele, ukajibiwa upande wa kushoto. Nilitazama saa. Saa tatu na nusu mkewe aliinua kiganja kutuonyesha. Amelala.

Saa nne na robo uji ulikuwa tayari, watu wakaacha kazi. Papo hapo tukamsikia ndani akigeuka na kuguna. Mwenyekiti hakuuliza mtu. "Nusu mnywe, nusu mchimbe," alisema. "Hakuna kunyamaza." Ikawa hivyo hadi jioni. Waliokunywa waliwapokea waliochimba. Mtu alipochoka kuimba, jirani yake alimtukana kwa utani ili kelele isipungue. "Vuta jembe, wewe, bwana yako amekuona!" "Acha anione, ndiyo maana alinioa!" Nyumba ilikuwa katikati ya zogo hilo lote, na ndani yake mtu alikoroma. Nilihesabu zaidi ya saa nane za usingizi.

Alasiri mwenyekiti alizunguka kukagua, nami nikamfuata na daftari lake. Mbele pazuri. Kulia pazuri. Alipofika nyuma alisimama.

Pembeni mwa mwamba palikuwa pamechimbwa. Mtaro ulikuwa umenyooka, wa kina kinachotakiwa, urefu wa hatua kama kumi. Udongo ulikuwa bado na unyevu wa chini. Ila ulikuwa umetupwa upande wa chini wa mtaro. Sisi huku tunautupa juu, ili tuta lishike maji. Mtoto wa darasa la tatu anajua. Aliyechimba pale hakuwa amefundishwa kuchimba Ukambani.

"Ni nani alikuwa huku?" mwenyekiti aliuliza, si kwa sauti kubwa.

Mama mmoja alisema ni mwalimu, mwalimu hajui kazi. Walicheka kidogo. Mwenyekiti alinitazama mikono, kisha viatu. Alijua nilikuwa naye kutwa. Aliwatazama wengine, na kila mmoja akamtazama mwenzake, na vicheko vikaisha. Majembe ya upande wa mbele yaliendelea kusikika. Upande ule wa nyuma palikuwa na ubaridi kama wa ndani ya duka la mawe, na jua likiwaka.

Mwenyekiti akanyoosha mkono nikampa daftari. Alipitia majina akiweka alama za waliofika. Alipomaliza jina la mwisho, akashuka mstari mmoja zaidi, ambao haukuwa na jina, akaweka alama pale pia. Akafunga daftari. "Atarudishiwa siku yake ya kazi kama wengine," alisema. Akawaambia vijana wawili wauhamishe ule udongo, wautupe juu inavyopasa.

Fundi aliamka jua likikaribia kutua, akatoka na shuka begani, akatuona wote tumesimama na vumbi. Aliomba maji. Alikunywa vikombe vitatu. Habari ya mtaro hakuna aliyempa. Sista alimpima mapigo ya moyo akanionyesha kidole gumba.

Jumamosi hakuja mchezoni. Tulimngoja mpaka saa tisa, tukaona mkewe anakatiza uwanja. Nilimwona sista akishika ukingo wa meza.

"Amelala," mama yule alisema mlangoni. "Amelala tangu chakula cha mchana. Nimwamshe?"

"Usimwamshe," tulisema pamoja.

Alipoondoka, mwalimu wa hesabu alizungusha dadu mezani. Alikuwa na maneno yake matatu kamili, na mbele yetu mchangani kulikuwa na bonde zima ambalo nililipanga kwa siku nne. "Tuendelee wawili?" aliuliza. "Yeye tutamkuta njiani."

"Kambi haihamishwi mtu akiwa amelala," sista alisema.

Mwalimu wa hesabu akarudisha dadu mfukoni. Tukabaki pale hadi jioni, watu watatu, tukikilinda kijiti cha mukau kilicholala chali kati ya maharagwe. Mchanga haukusogea. Upande wa kushoto wa daftari niliandika kwamba ameongezewa alama zake zote. Upande wa kulia, kwa mara ya kwanza, sikuandika saa.